Tumezoea kuzika, tujifunze kukaa na mgonjwa wa sonona

Nikipita penye msiba, iwe Rulenge au Kabanga kule Ngara, iwe Nyakahura au Lusahunga upande wa Biharamulo, naona jambo moja lisilobadilika. Maiti haijafika, lakini turubai limeshafungwa. Akina mama wamekuja na kuni, maji na maharage. Vijana wameshachukua majembe na sururu, wameelekea makaburini. Daftari la rambirambi limefunguliwa, na kijana wa bodaboda ametumwa kuwapa taarifa ndugu wa mbali. Mfiwa halali peke yake, hapiki, hachoti maji. Kwa siku hizo chache mzigo wake unakuwa wa kijiji kizima.

Katika vijiji hivyo hivyo ipo nyumba nyingine ambayo naiona mara nyingi vilevile. Saa nne asubuhi mlango bado umefungwa. Migomba haijapogolewa, majani makavu yananing'inia. Mwenye nyumba yumo ndani amelala, lakini usingizi hana. Homa hana. Amepimwa malaria tena na tena, hakuonekana na kitu. Hajala vizuri kwa wiki kadhaa, na kinachomchosha zaidi ni kuulizwa ana nini, kwa sababu jibu hana. Majirani wanajua. Husema "yule ana mawazo", kisha hupita kwenda shambani.

Huo ni ugonjwa. Unaitwa sonona, na kwa wengine hukaa miaka. Msimamo wangu ni kwamba watu wa Ngara na Biharamulo hawajapungukiwa na huruma hata kidogo, ila misaada yetu karibu yote tumeipanga kwa ajili ya shida inayokwisha ndani ya wiki. Mwenye sonona ya muda mrefu anahitaji watu wanaorudi na dawa zisizokatika, mwezi baada ya mwezi. Kazi hiyo inaweza kufanyika hapa hapa kwetu, kwa zahanati tulizonazo na vikundi tulivyonavyo, na tunakosea kuendelea kuisubiri kutoka Bukoba, Mwanza au Dodoma.

Ugonjwa usio na homa

Sonona haiji kwa kishindo. Mtu huanza kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena. Chakula kinakosa ladha. Kazi aliyokuwa akiimaliza asubuhi moja inamchukua siku mbili. Anajiona hana faida, anajiona mzigo kwa wanawe, anaanza kuwakwepa watu aliokuwa akicheka nao. Hali hiyo ikidumu wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, ikamzuia kufanya shughuli zake, wahudumu wa afya wana sababu ya kuitaja sonona. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka: mfiwa hulia leo, kesho mjukuu akamchekesha. Mwenye sonona hata mjukuu hamchekeshi, na hilo lenyewe humuumiza, kwa kuwa mjukuu anampenda.

Kwetu ugonjwa huu huingia zahanati ukiwa umevaa jina la mwili. Kichwa kinagonga. Kifua kinabana. Mgongo unawaka moto. Nguvu zimeisha. Mhudumu ana foleni ndefu nje, na kwa mkoa wenye malaria nyingi kama Kagera, kipimo cha kwanza ni cha malaria. Hapo hajakosea. Shida huanza kipimo kinapotoka safi. Mgonjwa hupewa panado na vitamini, anarudi nyumbani na kijitabu chake, na baada ya wiki tatu yuko tena kwenye benchi lile lile. Ni nani aliyemuuliza analala vipi? Ni nani aliyemuuliza kama amewahi kuwaza kwamba heri afe? Maswali hayo hayahitaji umeme wala mashine. Yanahitaji mtu aliyefundishwa kuyauliza, dakika chache, na chumba chenye mlango unaofungwa.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa wazungu, au wa watu wa mjini wenye nafasi ya kuwaza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 duniani wana sonona, wanawake wengi kuliko wanaume, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wagonjwa wa akili hawapati tiba yoyote. Mama anayelima muhogo Ngara anahesabiwa humo sawa na karani wa London. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wanaosema ni uvivu hawajawahi kulala kwenye kitanda hicho.

Tena kuna ukweli ambao ndugu wa mgonjwa hawapendi kuusikia: wengine hupona wasirudiwe tena, lakini kwa wengi sonona hurudi. Hupoa msimu mmoja, ikainuka msimu mwingine. Ndiyo maana swali la "mbona mwaka jana ulipona?" humuumiza mgonjwa kuliko tunavyodhani.

Ardhi iliyoona mengi

Sonona ina vyanzo vingi: urithi wa damu, uzazi, maradhi ya muda mrefu, umaskini, ukatili wa nyumbani, kufiwa. Siwezi kudai kwamba kila mgonjwa wa Ngara au Biharamulo ameletewa ugonjwa na historia. Lakini nikiitazama historia ya wilaya hizi, nashangaa si kwamba wagonjwa wapo, nashangaa jinsi tunavyowazungumzia kidogo.

Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takriban siku moja, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Benaco, ambapo jana yake palikuwa mahali pa kawaida pa njiani, pakawa na watu wengi kuliko karibu miji yote ya Tanzania. Tunapoisimulia habari hiyo, husimulia wakimbizi, na ni sawa, walibeba yasiyobebeka. Lakini wenyeji nao walikuwapo. Waliona miili ikielea katika Mto Kagera. Misitu yao iliisha kwa kuni, visima vilizidiwa, watoto walijifunza milio ya usiku ambayo mtoto hapaswi kuijua. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao. Wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lukole walikaa hadi 2008. Silaha nyingine zilibaki. Kwa miaka mingi mabasi kati ya Nyakanazi na Ngara yalisafiri kwa kusindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Na tarehe 8 Novemba 2017, miaka zaidi ya 20 baada ya wakimbizi wale kuvuka, bomu lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, likaua wanafunzi na kujeruhi makumi ya wengine.

Mtoto aliyekuwa na miaka minane 1994 leo ni mzazi. Huenda ana mtoto wa umri wa wale wa Kihinga. Tulimuuliza lini anaendeleaje?

Yapo pia machungu mengine ambayo hayakuandikwa sana. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu ya watu walioitwa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Mpakani kwetu watu wameoana kwa vizazi. Zipo familia ambazo baba alivushwa na mama akabaki na watoto, au mama alivushwa na mtoto wa kunyonya akabaki kwa bibi. Mtu wa namna hiyo hana kaburi la kulilia. Turubai halikufungwa kwake, daftari halikufunguliwa, maana hakuna aliyekufa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni ni ushauri mzuri. Kwa huzuni tumeufuata kupita kiasi: siku ya tatu tunamkabidhi mwenye huzuni jembe lake na kumtakia kazi njema.

Kinacholiwa ndani ya nyumba

Tuiangalie kaya moja ya kufikirika, ambayo msomaji wa Biharamulo au Ngara ataitambua mara moja. Mama ameugua sonona miezi minane. Yeye ndiye aliyekuwa akipalilia, akivuna, akisonga, akiuza ndizi gulioni. Sasa eneo lililolimwa limepungua nusu. Binti wa darasa la sita anaamka kuchota maji, anapika uji wa wadogo zake, anafika shule saa tatu, anachapwa kwa kuchelewa. Kufikia mwisho wa mwaka ameacha kwenda. Katika takwimu za shule ataandikwa mtoro. Hakuna safu ya kuandika kwamba mama yake anaumwa.

Halafu fedha. Kwanza vipimo na dawa za malaria ambayo haipo. Kisha mganga wa kienyeji anataka mbuzi. Kisha maombi ya usiku, na nauli ya kufika huko. Mume akisikia kuna daktari Bukoba au hospitali ya Bugando, Mwanza, anauza kahawa ikiwa bado mtini, ile biashara ya butura inayompa mkulima nusu ya haki yake. Anasafiri kuanzia alfajiri, anapewa dawa za mwezi mmoja na tarehe ya kurudi. Mwezi ujao nauli haipo. Dawa zimeisha, mgonjwa amerudi alikokuwa, na ndugu wanahitimisha kwamba "hata hospitali imeshindwa". Hospitali haikushindwa. Kilichoshindwa ni barabara ndefu iliyowekwa kati ya mgonjwa na kidonge cha mwezi wa pili.

Upande wa wanaume hadithi hubadilika sura. Mwanamume wa kwetu amefundishwa tangu utotoni kwamba machozi ni ya wanawake. Akiugua sonona haendi zahanati, huenda kilabuni. Gongo humpa usingizi wa saa tatu, halafu humwamsha akiwa na hali mbaya kuliko alivyolala, kwa kuwa pombe huizidisha sonona. Watu wanamwita mlevi, mkewe anamwita mkorofi, mtendaji wa kijiji anamwita msumbufu. Ugonjwa uliotangulia pombe hauna anayeutaja. Vijana wanaorudi kutoka machimbo madogo ya dhahabu wakiwa hawana senti, baada ya kuahidi nyumba ya bati kwa wazazi wao, wamo kwenye kundi hilo, na wengi wao hawana hata mke wa kulalamika kwamba wamebadilika.

Na anayeuguza? Bibi wa miaka sabini anayemlea binti yake mgonjwa pamoja na wajukuu hana wa kumpokea zamu. Naye huanza kukosa usingizi. Ukitaka kumsaidia mgonjwa wa sonona na hujui pa kuanzia, anza na huyo bibi: mchukulie wajukuu siku nzima, mlimie ngwe moja, mwache alale.

Kagera ilishawahi kujifunza

Nasema jambo hili linawezekana kwa sababu Kagera imeshalifanya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa katika mkoa huu mwaka 1983. Wazee wanakumbuka ilivyokuwa. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za biashara ya mpakani, wengine wakasema ni uchawi, wengine ni laana. Mgonjwa alifichwa chumba cha uani. Sahani yake ilitengwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kiliumbua nyumba baada ya nyumba mpaka tukabaki na bibi na wajukuu.

Kisha, kuanzia 2004, dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini. Lakini dawa peke yake isingetosha. Kilichookoa watu ni mpango mzima uliojengwa kuizunguka. Mgonjwa alipewa kadi. Kadi ilikuwa na tarehe ya kurudi. Asiporudi, mtu alitumwa kumtafuta nyumbani. Kliniki ya tiba na matunzo, CTC, ilisogezwa hadi kituo cha afya, baadaye hadi zahanati nyingi. Kwenye meza ya mapokezi alikaa mtu anayeishi na VVU mwenyewe, mwenye afya njema, na mgonjwa mpya akimwona tu alianza kuamini kwamba kuugua si kufa. Kulikuwa na kikundi. Kulikuwa na mtu wa kuuliza: umekunywa dawa? Umekula? Nyumbani wanajua?

Sonona ya muda mrefu inataka mpango wa aina hiyo hiyo, na kwa gharama ndogo zaidi. Dawa za sonona kama amitriptilini na fluoksetini ni za zamani, za bei nafuu, na zipo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu. Hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili hadi nne, wengine zaidi, kabla mgonjwa hajaona nafuu. Amitriptilini inaweza kukausha mdomo na kuleta usingizi mwanzoni. Asipoelezwa hivyo, ataiacha siku ya nne akisema imemzidisha. Akishapata nafuu anapaswa kuendelea nayo kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, na aliyerudiwa mara kadhaa huenda akahitaji muda mrefu zaidi. Kuacha ghafla ni hatari. Kuchanganya na pombe ni hatari. Vidonge visikae mahali watoto wanafika, wala visiachwe vingi mikononi mwa mtu anayewaza kufa. Katika maelezo yote haya hakuna linalomshinda afisa tabibu au muuguzi wa kituo cha afya aliyepewa mafunzo na anayetembelewa na msimamizi mara kwa mara.

Hospitali tunazo. Ngara ina Murgwanza ya Kanisa Anglikana, Rulenge ya Kanisa Katoliki na Nyamiaga ya wilaya; Biharamulo ina yake. Zinaweza kuwa makao ya mafunzo na ya rufaa, huku ufuatiliaji wa kila mwezi ukibaki zahanati. Serikali nayo ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu zaidi ya 137,000 nchini kwa miaka mitano. Kila mmoja wao anaweza kufundishwa kumtambua mwenye sonona na kumfuata aliyepotea kliniki.

Nani atasema haiwezekani kufika mlangoni kwa mtu? Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa Biharamulo, waliokutana na wagonjwa walitafutwa nyumba kwa nyumba na kufuatiliwa kwa siku 21. Watu kumi walifariki katika mlipuko ule, na Machi ukatangazwa kwisha. Tulipoamua, tulifika.

Rakai na Masaka walifanya nini

Ng'ambo ya mpaka wa Kagera, Uganda, zipo wilaya za Rakai na Masaka. Ni watu wa migomba na kahawa kama sisi, na UKIMWI uliwapiga wakati mmoja na sisi. Watafiti walikwenda huko na, kabla ya kuleta tiba mwaka 2002, waliwauliza wanakijiji wenyewe wanaielezaje huzuni isiyokwisha. Majibu yalionyesha kwamba watu waliijua kabisa. Kisha, katika utafiti wa vijiji 30, wakaunda vikundi katika sehemu ya vijiji hivyo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, kila kikundi kikiongozwa na mtu wa jinsia yao na wa lugha yao, ambaye hakuwa daktari. Viongozi walifundishwa kwa muda mfupi. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16.

Walizungumza nini? Waliyoyapoteza. Ugomvi usiokwisha kati ya mke na mume, mkwe na mkwe. Mabadiliko yaliyowavuruga: kuugua, kuhama, kubaki mjane. Upweke. Kila mmoja alisaidiwa na wenzake kutafuta hatua moja ya kuchukua wiki hiyo, na wiki iliyofuata aliulizwa imefika wapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5; katika vijiji ambavyo havikuwa navyo, asilimia 54.7.

Naziamini namba hizo, lakini kinachonigusa zaidi ni kwamba baada ya watafiti kumaliza kazi yao, vikundi vingine viliendelea kukutana vyenyewe. Hakuna aliyewalipa. Zimbabwe nako, kuanzia 2006, Dk. Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wagonjwa kwa utaratibu maalumu. Benchi hilo limefika mbali, hadi Zanzibar.

Sisi tunakutana kila wiki tayari. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki husali nyumba kwa nyumba. Waanglikana na Walutheri wana vikundi vya akina mama. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, hukutana na sanduku lenye kufuli tatu. Vyama vya kufa na kuzikana vina viti, sufuria na daftari la wanachama. Ndani ya kila kikundi cha namna hiyo yupo mtu ambaye hajafika wiki kadhaa, na kawaida yetu ni kumtoza faini. Faini hiyo naipinga waziwazi. Asiyefika mara tatu mfululizo atembelewe na watu wawili, waende mikono mitupu kama hawana kitu, wakae naye nusu saa. Wasimhubirie, wasimlinganishe na wenye shida kubwa zaidi, wasimwambie ajikaze. Wamuulize angependa wamfanyie nini, na waseme siku watakayorudi. Kisha warudi siku hiyo. Kwa mgonjwa wa sonona, mgeni aliyeahidi na hakuja anathibitisha kile ugonjwa unachomnong'oneza kila usiku.

Kanisani, msikitini na kwa mganga

Sitaki ugomvi na imani ya mtu. Sala imewashika wengi wasianguke, na katika vijiji vingi katekista, mchungaji au shehe ndiye wa kwanza kuitwa. Ombi langu kwao ni moja: asiwepo mgonjwa anayeambiwa aache dawa ili athibitishe imani yake. Anayetumia dawa za kisukari haambiwi hivyo, basi na wa sonona asiambiwe. Mchungaji aliyemwombea muumini kisha akamsindikiza zahanati kwa mguu wake mwenyewe amefanya kazi mbili kwa siku moja, na waumini wengine wataiga.

Waganga wa tiba asili nao hawataondoka. Wengine ni wasikilizaji wazuri, na mgonjwa huenda kwao kwa sababu wanampa muda ambao zahanati haikumpa. Inafaa mganga mfawidhi wa kituo akae nao, wakubaliane dalili zipi zisichelewe: mtu anayetaka kufa, mtu aliyeacha kula na kunywa, mama aliyejifungua karibuni ambaye hamtaki mtoto au anasikia sauti.

Sheria inayofunga mdomo

Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Fikiria familia iliyomkuta ndugu yao katika hali hiyo usiku. Watamkimbiza hospitali wakieleza ukweli, au watatunga uongo kwamba amekosea chupa? Kila dakika ya kutunga uongo ni dakika ya tiba iliyopotea, na mgonjwa akipona mwili, roho yake inabaki bila huduma kwa sababu hakuna aliyekiri kilichotokea. Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo katika sheria yao kinakwenda kinyume na katiba. Wabunge wetu wa Ngara na Biharamulo wanaweza kulipeleka jambo hili Dodoma. Mtu aliyefikia hatua ya kutaka kufa anahitaji kitanda cha wodi na mtu wa kukaa naye.

Wakati mabadiliko ya sheria yakisubiriwa, nyumba zetu zina la kufanya leo. Dawa za mashamba na za kuogeshea mifugo zifungiwe kwa kufuli, au zikatunzwe kwa jirani pale nyumbani kuna mgonjwa. Na tusiogope kuuliza moja kwa moja: "Umewaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Humpa nafasi ya kulitoa nje. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwa madiwani, na kwa anayeishi nayo

Waheshimiwa madiwani wa halmashauri zote mbili, bajeti ijayo naomba muulize maswali haya kabla hamjaipitisha. Kila kituo cha afya kina mhudumu mmoja aliyefundishwa magonjwa ya akili? Dawa za sonona zimeagizwa za miezi mingapi, na zilikosekana miezi mingapi mwaka uliopita? Zahanati ina daftari la wagonjwa hawa, na yupo wa kuwafuata wasiporudi? Majibu yakiwa hapana, andikeni fungu. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kuwahudumia wakimbizi na ambayo leo husikika majumbani kwetu, ingefaa itenge muda wa kila wiki wa kulizungumza jambo hili, na walioishi na sonona wasikike kwa sauti zao wenyewe, kwa ridhaa yao.

Na wewe unayesoma haya huku ukijitambua humu. Huna kosa ulilofanya. Nenda zahanati ya karibu na ukifika usiseme kichwa tu. Sema: silali, sina hamu ya kitu chochote, imeanza tangu mwezi fulani. Kama umewaza kufa, liseme pia. Ukiogopa kwenda peke yako, chagua mtu mmoja, mmoja tu, umwambie akusindikize. Ukipewa dawa, uliza zitaanza kufanya kazi lini na uzitumie hadi muda ulioambiwa, hata ukiona umepata nafuu. Ukiziacha kwa sababu ziliisha au nauli ilikosekana, rudi ukaanze upya. Mhudumu mwema hatakugombeza, na ukigombezwa, nenda kituo kingine. Siku ambazo huwezi kulima, osha uso, toka nje, kaa juani mahali mtu anaweza kukusalimia. Siku hiyo, hilo linatosha.

Simu ya Wizara ya Afya ni 199. Kuipiga ni bure.